Nyaya Nane

Nyamvula ameisimamisha baiskeli mlangoni pangu
kama mtu aletaye kesi kwa kadhi.
"Alikuwa punda mwema," asema. "Tangu Jumatatu
anguruma, atetemeka, haendi.
Na mahamri hayangoji."

Mahamri mia mbili kila alfajiri, Likoni hadi Bondeni,
kivuko katikati, na kivuko ni chumvi:
chumvi kwenye breki, chumvi kwenye spoki,
chumvi yaingia ekseli ikifuata njia ya waya
kama udaku upitavyo chini ya mlango uliofungwa.

Nimeketi juu ya kreti ya soda, Mwembe Tayari,
ubavuni mwa duka la leso.
Nyaya nane zatoka kwenye kitovu cha gurudumu.
Tatu nene: hizo ni misuli, zabeba moto.
Tano nyembamba: hizo ni macho.
Nyekundu ya volti tano, nyeusi ya kurudi,
na tatu za kusema sumaku imefika wapi.

Ncha nyeusi ya mita naitia kwenye waya mweusi, haiondoki.
Nyekundu yaenda kwa mashahidi, mmoja mmoja,
nami nazungusha gurudumu polepole,
polepole kama mtu ahesabuye chenji asiyoiamini.
Njano: sifuri. Tano. Sifuri. Tano.
Kijani: sifuri. Tano. Sifuri.
Bluu: tano.
Tano.
Mzunguko mzima. Tano.
Amekariri jibu kabla ya kusikia swali.

Basi nimefungua kifuniko. Sumaku haziachii kwa hisani;
niliwahi kuacha ukucha humo.
Ndani, kutu ya rangi ya chai, koili za shaba,
na sensa tatu za Hall katika vijishimo vyao,
kila moja mbegu ya tikiti.
Ya tatu haina mguu. Umeliwa.
Nimeing'oa, nimetia mpya, gundi, risasi ya kulehemu,
pumzi nimeizuia hata jirani akaniuliza kama naumwa.

Mita sasa yasema kweli mara tatu.
Gurudumu bado languruma.

"Hii kontrola," namuuliza, "ilikuja nayo?"
Nyamvula anatazama leso zilizoanikwa.
Jumanne alikwenda kwa Shekue, Kongowea.
Shekue akambadilishia, elfu nne mia tano,
akaunganisha njano kwa njano, kijani kwa kijani,
kama mtoto wa chekechea,
akala pesa, akafunga tepu.

Rangi ni majina tu, Nyamvula.
Namjua Shida mwenye nyumba tatu Tudor.
Namjua Furaha, usiniulize habari zake.
Aliyetengeneza mota hii na aliyetengeneza kontrola
hawajawahi kunywa kahawa pamoja.

Macho nayaacha yalivyo. Fezi tatu zina mipango sita.
Wa kwanza tumeuona.
Wa pili lashtuka, kama aliyekanyaga msumari,
nyaya zapata joto, naachia akselereta upesi.
Wa tatu, kimya. Wa nne, kigugumizi.
Wa tano,

lazunguka! Laini, kama samli kwenye chapati,
kinyumenyume.

Mwenye duka la leso amecheka hadi akashika mlango:
"Hiyo itamrudisha Likoni bila kugeuka!"
Nami nimecheka, ila kwa sababu yangu.
Kinyume kilicho laini ni jibu,
limeandikwa kutoka mwisho tu.
Jozi moja ya nyembamba nimeibadilisha,
na jozi ya nene ifuatane nayo.

Likaenda mbele.
Ampea moja na kidogo, hewani, bila mzigo.
Sauti yake ni kama ya mtu asemaye "mmh" akikubali.

Amelipa nusu. Nusu nyingine ni Ijumaa,
na Ijumaa ya Nyamvula nimeizoea.
Kabla hajapanda nimeigeuza baiskeli,
chini ya kiti nikaandika kwa wino mzito,
kwa fundi ajaye, hata akiwa Shekue:
njano kwa bluu, bluu kwa kijani, kijani kwa njano.
Usiulize rangi. Zungusha, usikilize.